Bibi anabipu, mimi natafuta mtandaoni: nataka iwe huduma kamili, nianzie wapi?

MjukuuWaKibosho:

Wakuu, salaam. Nawalenga zaidi wa Moshi na Arusha, ila mwenye ujuzi popote alipo achangie.

Mimi ni wakala wa pesa na fundi simu mdogo mdogo hapa Mbuyuni, Moshi. Kwetu Kibosho, kule juu ambako mvua ikinyesha konda wa Hiace anashuka kusukuma na abiria nao wanashuka bila kuambiwa. Siku moja mwaka jana bibi yangu alinibipu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikampigia mbio nikijua kuna msiba. Kumbe anataka kujua kama kweli kahawa imeanguka bei mnadani, au yule mchuuzi anayepita na pikipiki anamchezea akili. Nikafungua simu yangu, nikatafuta, nikamsomea nilichokiona. Akasema "aika", yaani asante, akakata. Hakuniuliza nimejuaje.

Jioni akabipu jirani yake. Kesho yake akabipu mtu nisiyemjua kabisa, anajitambulisha: "Mimi ni yule wa nyumba ya pili kutoka kanisani, bibi yako kasema wewe unaangalia vitu." Ndiyo ikawa hivyo. Mimi ni mtu wa kuangalia vitu.

Nina daftari la kaunta kwira mbili, nimeandika kila swali tangu Februari mwaka jana. Nawapa machache: buni zinaoza zikiwa mbichi mtini, ni ule ugonjwa wa chulebuni au baridi? Miche ile mipya ya kahawa ya kituo cha utafiti Lyamungu inapatikana wapi na mtu anatakiwa aende na nini? Matokeo ya kidato cha nne ya mjukuu (hilo mwezi wa kwanza lilitaka kuniua). Kitambulisho cha NIDA kimepotea, unaanzia polisi au unaanzia ofisini kwao? Mtu akitoka Moshi na basi la asubuhi anafika Singida saa ngapi? Kuna mzee aliuliza kama ni kweli Papa amefariki, nikamwambia yupi, akasema "kwani wako wangapi?"

Wote hawa wana vitochi. Cha bibi kimefungwa raba mbili kushikilia betri, na kitufe cha tano kimefutika hadi kimekuwa shimo. Mtandao anaupata sehemu moja tu: anasimama juu ya jiwe pale mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, penye masale, ile mimea ya mpaka, uso umeelekea Moshi mjini. Akigeuka tu sauti inakatika. Sasa fikiria mtu amesimama juu ya jiwe kwenye umande, anasubiri nimalize kuhudumia mteja wa kutoa elfu ishirini.

Shida zangu ni hizi. Wao wanabipu, mimi ndiye napiga, kwa hiyo kifurushi changu cha wiki cha mitandao yote kinakata roho Jumatano. Pili, nimeanza kuwa nakosea. Kuna mama wa tambarare analima nyanya, aliniuliza kipimo cha dawa ya ukungu. Nikapata ukurasa, nikamsomea. Ukurasa ulikuwa umeandika kwa hekta. Mimi nikasoma kama ekari. Hekta moja ni ekari mbili na nusu hivi, kwa hiyo alimwaga dawa mara mbili na nusu ya kipimo. Majani yaliungua kingo zote kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa. Hakunigombeza. Alibipu tu, nikampigia, akasema "mwanangu, njoo uone." Nilienda. Nilimlipa mbegu na sitaki kulizungumzia zaidi.

Naomba mnisaidie kufikiri. Je, hili linaweza kuwa huduma yenye namba yake, yenye watu zaidi ya mmoja, bila mimi kufilisika? Kuna waliofanya? Na sheria inasemaje, maana nisije nikajikuta nimefungua kampuni ya simu bila kujua.

---

Chalii_wa_Sakina:

Mkuu, karne hii bado kubipu? Mnunulie bibi simu janja, mwekee bando, mfundishe kuuliza kwa sauti. Kiswahili inaelewa. Utakuwa umemaliza kazi, badala ya kujigeuza ofisi ya maulizo.

---

MjukuuWaKibosho:

Chalii, nilimnunulia. Desemba, nilivyopanda kwa sikukuu. Nilimfundisha siku tatu mfululizo jikoni. Tatizo la kwanza hata sikulitegemea: kidole chake kimekauka kwa jembe miaka sitini, kioo hakimsikii. Anabonyeza, kimya. Analamba kidole, anabonyeza tena, inafunguka kamera. Siku ya tatu akaniambia kwa upole, "hii ni simu ya watu wenye mikono laini."

Na ile ya kuuliza kwa sauti, yeye Kiswahili anakijua ila akiwa na haraka anaingiza Kikibosho katikati. Mashine ilimwandikia maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa.

Saa hizi ile simu iko kabatini, imeviringishwa kitenge kipya, inatunzwa vizuri kuliko mimi. Kitochi kinakaa na chaji siku nne na kina tochi ya kwendea zizini. Mimi nimeshakubali. Swali langu limebaki palepale.

---

FundiMawimbi:

Mjukuu, pole kwa nyanya na hongera kwa daftari. Hilo daftari ndilo lenye thamani, usilipoteze.

Mimi niko Njiro, Arusha, nafunga mifumo ya simu za maofisini. Wazo lako lina ndugu zake. Mwaka 2007 Mmarekani anaitwa Rose Shuman aliweka kijijini huko India, nje kidogo ya Delhi, sanduku la chuma ukutani lenye kitufe. Mtu anabonyeza, simu inaita kwa dada aliyekaa mbele ya kompyuta yenye intaneti. Unauliza kwa lugha yako, anatafuta, anakujibu kwa mdomo. Basi. Waliliita Question Box. Mwaka 2009 wakaileta hapa jirani Uganda wakishirikiana na shirika la Grameen Foundation, na sanduku la ukutani likaachwa: watu wa kijijini wenyewe walipewa simu za mkononi wakawa wanazunguka nazo, mwenye swali anauliza kupitia kwao na kituo kiko Kampala. Kitu walichokigundua haraka ni kwamba majibu mengi ambayo mkulima anayataka hayapo kabisa mtandaoni. Ikabidi wajenge hazina yao ya majibu ya kienyeji, kila swali jipya likijibiwa linaingia humo. Yaani daftari lako, ila kwenye kompyuta.

Sasa kwa nini simu ya kawaida inafika kwenye jiwe la bibi na intaneti haifiki? Sauti ya simu za GSM ilibanwa tangu mwanzo ipite kwenye kilobiti 13 kwa sekunde. Ni kidogo mno, picha moja ya WhatsApp ingekaa hapo inajikokota mpaka uchoke. Mnara ukiwa mbali au korongo likikatiza, sauti bado inapenya pale ambapo data imeshakata tamaa. Ujumbe mfupi nao una herufi 160, na menyu zile za kuanza na nyota zinabeba herufi 182 kwa ukurasa. Majibu ya bibi yako mengi yangeenea kwenye ujumbe, ila ujumbe unataka macho na miwani. Sauti inataka sikio tu.

Kuhusu gharama. Kubipu ni bure kwa sababu simu haijapokelewa, na mtandao haukati kitu. Hapo unaweza kuweka kompyuta ndogo yenye programu ya kuendesha simu inaitwa Asterisk, ya bure, imekuwepo tangu 1999, uiunganishe na kifaa kinachobeba laini yako. Mtu akibipu, mashine inaona namba, inakata, inaiweka kwenye foleni, halafu inampigia huyo mtu pale mhudumu anapokuwa tayari. Bibi hasubiri juu ya jiwe, anasubiri nyumbani hadi simu iite... aa, hapana, nyumbani hakuna mtandao. Basi umpangie saa: "nitakupigia saa kumi na moja jioni, simama kwenye masale." Mashine inakumbuka.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Usije ukanunua yale maboksi ya kuchomeka laini ishirini au thelathini mtaalamu fulani akikuambia ni nafuu. Hayo ndiyo sim boksi. Wahuni huyatumia kuingiza simu za nje ya nchi zikionekana kama za ndani, ni kosa, na watu wamefikishwa mahakamani kwa ajili yake. Wewe nia yako njema, ila ukikutwa na laini thelathini zilizosajiliwa kwa alama ya kidole chako, utaeleza mpaka ukauke mate. Laini moja, mbili, kwa jina lako, unapiga unapokea kama mtu yeyote: hapo hauna kesi. Ukitaka namba fupi au namba ya bure ambayo mpigaji hakatwi, hiyo unapita TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na makubaliano na kampuni za simu, na wewe ndiye unayelipa kila dakika ya kila mpigaji. Usianze na hiyo.

Habari njema ni kwamba zamani hili lisingewezekana kabisa. Kila mtu alikuwa na laini tatu kwa sababu kupiga mtandao mwingine ilikuwa kama kupiga ng'ambo. Kampuni moja inapopeleka simu kwenye kampuni nyingine inalipa ada ya kuunganishwa, na TCRA imekuwa ikiishusha: mwaka 2018 ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, mwaka 2022 ikafika shilingi 2. Ndiyo maana leo kuna vifurushi vya mitandao yote na wewe una wateja wa laini zote.

---

DadaWaTengeru:

Fundi kaeleza mashine, mimi nieleze mdomo. Nilifanya kazi miaka minne kwenye kipindi cha wakulima redioni hapa Arusha, nikiwa upande wa kupokea simu. Mjukuu, kosa la nyanya si la intaneti wala si la kutojua kusoma. Ni la kujibu haraka. Ukiwa na mtu hewani unahisi aibu kunyamaza. Kunyamaza ni sehemu ya kazi.

Sisi tulikuwa tunarudia swali kwa mpigaji kabla ya kutafuta: "Mama, umeniuliza dawa hii, ya nyanya, shamba lako ni ekari ngapi, bomba lako ni la lita ngapi?" Hapo hapo makosa nusu yanaanguka. Bomba la mgongoni wengi wana la lita 15 au 16, na hicho ndicho kipimo wanachokielewa, kizibo kwa bomba. Ukimwambia mililita kwa hekta hata ukiwa sahihi hujamwambia kitu. Halafu ukishamjibu, mwambie yeye akurudishie jibu. Usimuulize "umeelewa?" maana kila mtu anaelewa. Mwambie "hebu nisomee nilichokwambia." Na kwa dawa za shamba, mwambie akuletee kopo mwenyewe, akusomee lebo au amtafute mtoto wa shule asome. Lebo ya kopo alilonalo mkononi inashinda ukurasa wowote.

Hapa Arusha shirika la redio za wakulima, Farm Radio International, wana ofisi, na mfumo wao wanauita Uliza, kwa Kiswahili hivyo hivyo. Msikilizaji anabipu namba, mfumo unampigia bila yeye kukatwa, anasikiliza sauti iliyorekodiwa, anabonyeza chaguo lake au anaacha swali kwa sauti yake. Waliwahi kuutumia hata kwa utabiri wa hali ya hewa. Nimeona unavyofanya kazi na nina jambo moja la kukuambia, kwa sababu umetaja kitufe cha tano: watu wa mijini wakitengeneza menyu ya "bonyeza moja, bonyeza mbili" hufika mpaka tisa. Usiende mbali. Chaguo tatu. Na usitumie tano! Si bibi yako peke yake. Tano iko katikati, ina kale kanundu, ndiyo inayokufa kwanza kwenye vitochi vyote.

Kuhusu lugha, wako waliopita njia hiyo. India, jimbo la Chhattisgarh, mwandishi wa zamani wa BBC, Shubhranshu Choudhary, alianzisha mwaka 2010 kitu kinaitwa CGNet Swara. Watu wa misituni wanaosema Kigondi, ambacho magazeti na redio havikuwa na habari nacho, wanapiga simu, wanarekodi habari ya kwao: kisima kimeharibika, mwalimu haji, mshahara wa kibarua haujalipwa. Wahariri wanahakiki, kisha habari inasikika kwa simu na inawekwa mtandaoni. Kwa hiyo kule simu haikuwa ya kuchota tu kutoka kwenye intaneti, ilikuwa pia ya kumwagia. Hilo lifikirie. Nina hakika bibi yako naye ana mambo ambayo mtandao hauyajui.

Afya: usijibu. Sitanii. Wizara ya Afya ina namba 199, haitozwi. Mambo ya mtoto kupigwa au kunyanyaswa ni 116, nayo bure. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye jalada la daftari. Na hilo daftari lenyewe, kama lina majina na namba za watu na shida zao, lifungie droo. Kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, Kibosho ni padogo.

---

MjukuuWaKibosho:

Dada, la afya nimelisoma nikakaa chini. Mwezi wa tano alibipu baba mmoja, nikapiga, anasema mtoto amemeza betri ya saa, ile ya duara kama kifungo, je, itatoka yenyewe akila ndizi? Sikutafuta chochote. Nilimwambia panda pikipiki sasa hivi nenda hospitali, usimpe chochote kinywani, nikakata ili asiendelee kuniuliza. Baadaye usiku ndiyo nikasoma kwamba zile betri zikikwama kooni zinachoma nyama ndani ya saa chache. Mtoto mzima. Ila nilitetemeka, maana kama angenikuta na utulivu wa kawaida ningeanza kuperuzi, na kwenye kuperuzi ukurasa wa kwanza kabisa ungekuwa wa sarafu, si wa betri, na sarafu mara nyingi wanasema subiri.

199 na 116 nimeshaandika. Nimetumia ile kalamu ya kuandikia maboksi.

---

Mzee_wa_Modemu:

Vijana, nacheka peke yangu. Mnazungumza kupiga simu ili ufike kwenye intaneti kana kwamba ni jipya. Sisi tulianza hivyo hivyo! Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Kompyuta moja, simu moja ya mezani, modemu moja. Unabonyeza, modemu inapiga simu yenyewe, unaisikia inaita, halafu upande wa pili inapokelewa na mashine mwenzake, wanaanza kupigiana kelele: kwiii, krrr, ding-dong, shhhh. Ikinyamaza ujue umeingia. Modemu nzuri iliandikwa kilobiti 56, tulikuwa tunafurahi ikifika 30. Na dakika zinahesabiwa kama unaongea na mtu.

Mke wa bosi akiinua mkono wa simu chumba cha pili ampigie dada yake Usa River, sisi tumekatika, barua ya mgeni wa Ujerumani imeishia katikati.

Kwa hiyo tulijifunza ubahili, na ndiyo nimeingia kumwambia Mjukuu. Hatukukaa mtandaoni tukiandika. Tuliandika barua zote modemu ikiwa imezimwa, kumi, kumi na tano, tukazipanga. Saa kumi na moja jioni tunapiga mara moja, zote zinatoka, zote zinaingia, tunakata. Dakika nne. Kisha tunasoma kwa raha zetu tukinywa chai. Wewe unachofanya ni kumweka mtu hewani wakati unatafuta. Unalipia dakika za kusubiri! Mpigie, chukua swali kwa sekunde thelathini, kata. Kusanya maswali ya asubuhi, tafuta yote kwa pamoja dukani kukiwa hakuna wateja, jioni wapigie kwa mpangilio na majibu uliyoyaandika. Dakika zako zitapungua nusu, pengine zaidi. Na makosa yatapungua pia, kwa sababu utajibu ukiwa umeshasoma mara mbili.

Mkonga wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009 watu wakasahau ubahili wote. Mimi sijasahau. Mpaka leo nikimaliza kutumia data nazima.

---

Chalii_wa_Sakina:

Ile ya kidole kikavu imenigusa, mama yangu yuko hivyo hivyo, nilidhani hataki tu. Narudisha maneno.

Ila swali la uchokozi: Desemba 2024 kampuni ya OpenAI walitoa namba ya simu Marekani, mtu akawa anapiga hata kwa simu ya mezani anaongea na ChatGPT, ile akili bandia yao, dakika 15 bure kwa mwezi wakati huo. Ikifika huku si utakosa kazi, Mjukuu?

---

FundiMawimbi:

Chalii, ikifika itamkuta bibi amesimama kwenye jiwe anaulizia mchuuzi wa pikipiki wa Kibosho. Mashine itajua bei ya kahawa ya New York. Mchuuzi haimjui. Mimi sipingi, siku ikija tutaichomeka nyuma ya Mjukuu impunguzie kutafuta, lakini nisingependa isome kipimo cha dawa bila mtu kukitazama. Yeye mwenyewe amekosea hekta akiwa na macho mawili.

Mzee wa Modemu, hilo la kukusanya ni sahihi kabisa na linarahisisha mfumo. Sihitaji foleni ya moja kwa moja. Mtu anabipu, mashine inampigia, inasema kwa sauti ya Mjukuu "sema swali lako baada ya mlio," inarekodi, inakata. Jioni Mjukuu anasikiliza.

---

MjukuuWaKibosho:

Wakuu, nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilikuwa najaribu.

Nilianza na ushauri wa Mzee, bila mashine yoyote. Asubuhi nachukua maswali tu, sekunde thelathini na saa mkononi. Wiki ya kwanza walinuna. Bibi alisema nimekuwa kama ofisi ya serikali, "njoo kesho". Wiki ya pili wakazoea, na sasa wananikusanyia: wanakutana pale kwenye masale jioni, watu watano sita, bibi ndiye mwenye simu, ameiweka sauti kubwa, mimi napiga simu moja tu na kuwajibu wote. Sikupanga hivyo. Ni yeye. Dakika kumi na mbili, kumi na tano, nimemaliza kijiji. Kifurushi juzi kilifika Jumamosi na chenji juu.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba wakiwa pamoja wananisahihisha. Nilisoma habari ya mnyauko wa migomba, ukurasa unasema kata mmea wote uuchome. Mzee mmoja akapaza sauti kwa nyuma: mgomba mbichi unachomaje mwanangu, utajaribu wiki nzima, sisi tunaukatakata tunaufukia mbali na chanzo cha maji, na panga tunalipitisha motoni kabla ya kugusa mwingine. Nikarudi kutafuta, nikakuta la kusafisha panga kwa moto limeandikwa kabisa kwenye ukurasa mwingine. Nimeliandika kwenye daftari kwa jina la yule mzee. Dada wa Tengeru, ndiyo ule mmwagio uliousema.

Kurudisha jibu nako kunafanya kazi, isipokuwa kuna mama mmoja huwa anarudisha tofauti makusudi ili nicheke.

Binti wa dada yangu amemaliza kidato cha sita anasubiri chuo, nimemfundisha kutafuta. Ana sheria tatu ukutani: hekta si ekari, afya ni 199, hujui sema hujui. Ile ya tatu ndiyo inamtesa. Jana aliniandikia kwenye daftari "SIJUI" kwa herufi kubwa, akapigia mstari mara mbili kama mtu aliyekasirika. Swali lenyewe lilikuwa kama mvua za vuli zitachelewa huko kwetu. Nikamwambia hapo uko sawa na wengi.

Malipo: hawana pesa na mimi siwadai, ila Hiace ya saa nne imeanza kuniletea mizigo. Nina ndizi za kulisha mtaa.

Fundi, nimepata kompyuta ya zamani, imekufa betri ila kwenye umeme inawaka. Nataka ile ya kurekodi maswali, laini moja, jina langu, bila boksi. Na menyu isiwe na tano. Naweza kuja Njiro Jumamosi? Nitaleta daftari. Nauliza pia, ndizi za mshare, zile za kupika, unakula?

---

FundiMawimbi:

Njoo, ila saa nane, asubuhi nina kazi Kijenge. Kompyuta uje na chaja yake, wengi wanasahau. Mshare nakula. Lete mbichi, zikiiva njiani usinipe, wape watoto wa konda.